Sauti Iliyobaki ya Mama Veneranda

Jumatatu, 3 Juni. Mbeya.

Baridi. Vidole vimekufa ganzi. Jiko la mkaa liko mlangoni, blanketi begani, nanakili mahojiano ya Mzee Asajile Mwakisisile. Mbunge mstaafu, mtu wa hapa hapa Mbeya, aliyewahi pia kuwa naibu waziri. Asubuhi yote ni mimi, mimi, mimi. Soko nilileta mimi. Shule nilisimamia mimi. Daraja la Itonya, kule kwa Wahehe, nililijenga mimi. Nikadhani nitalala juu ya kompyuta.

Hii ndiyo kazi yangu mwaka huu. Kuwarekodi wabunge wastaafu wa Nyanda za Juu Kusini wakisimulia maisha yao, chuo kitunze sauti zao. Niliacha utangazaji wa redio kwa ajili ya hii. Nilidhani nitakutana na watu wakubwa. Nimekutana na wazee wanaotaka kusifiwa. Nimechoka.

Mchana Dokta Sospeter, mratibu wetu, amepiga simu. Kuna mama Iringa, mtaa wa Kihesa. Anaitwa Veneranda Kikoti. Alikuwa mbunge zamani, wachache wanamkumbuka. Ana uvimbe kooni. Wiki hii bado yuko kwake, wiki ijayo analetwa hospitali hapa Mbeya kuondolewa kikoromeo chote. Akitoka pale hatasema tena.

"Atupele, nenda haraka," kaniambia.

Nimesema sawa. Sikusikia chochote moyoni. Niliwaza tu nibebe sweta lipi.


Jumatano, 5 Juni. Iringa.

Basi la alfajiri. Makambako upepo wa kukata masikio. Mafinga misonobari na ukungu. Nimefika na miguu imevimba.

Nyumba ya Mama Veneranda nimeipita mara mbili bila kuijua. Tofali za kuchoma, bati lililofifia, mparachichi, kuku. Nilikuwa natafuta geti la mheshimiwa.

Binti yake, Redempta, ndiye aliyenipokea. Mwalimu wa sekondari, wa umri wangu au kanizidi kidogo. Hakutabasamu. Kaniketisha barazani na kuniambia wazi kwamba yeye hakutaka nije. Daktari amesema mama asiongee sana, koo linavimba na pumzi inabana. "Ila mwenyewe kakubali. Mimi siwezi kumzuia. Hakuna aliyewahi."

Mama akatoka mwenyewe. Mfupi sana. Zaidi ya themanini, mgongo umenyooka, kitambaa kimefungwa shingoni. Sauti yake, sijui niiandikeje. Kama mtu anakokota gunia juu ya changarawe.

"Kamwene, mwanangu."

Nikaitikia kamwene kwa lafudhi yangu ya Tukuyu. Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Redempta akanitazama kama mimi ndiye ugonjwa.

Tumekubaliana. Asubuhi tu, sauti ikiwa bado ipo. Mchana huwa inakwisha. Nilipomwambia huwa tunaanza na tarehe ya kuzaliwa akakataa. "Hiyo wataiandika kwenye msalaba wangu. Tuanze na mto."

Mto gani? Kesho, kasema.


Alhamisi, 6 Juni. Iringa.

Nimekaa kitandani gesti na sijavua viatu. Niandike kabla haijapoa.

Alikuwa muuguzi. Alisomea uuguzi kwa masista, akapangiwa zahanati ya Itonya, kijiji kilicho ng'ambo ya mto wenye jina hilo hilo. Hospitali ilikuwa upande wa huku. Daraja halikuwepo. Kiangazi mtu anavuka maji ya magotini. Masika mto unakuwa mwingine kabisa. Mama mjamzito akishindwa kujifungua, wanaume wanambeba kwa machela mpaka ukingoni, halafu wanasimama. Wengine walijaribu kuvuka. Wengine walingoja maji yapungue, na hayakupungua kwa wakati.

"Nilikuwa nawashika mkono," kasema. "Muuguzi mwenye cheti, naushika mkono tu."

Aliandika kwa mkuu huyu na yule. Akaenda ofisi hii na ile. Mwishowe akauliza watu, ni wapi swali likiulizwa lazima mkubwa asimame kulijibu? Wakamwambia, bungeni. Basi akagombea ubunge. Hiyo tu. Nimewahoji wastaafu wengi na kila mmoja nimemuuliza kwa nini aligombea. Wote walizungumzia wito, wazee walinifuata, vijana walinisukuma. Huyu alitaka mahali pa kuulizia swali.

Wapinzani wake walisema mjane kama yeye hawezi kuongoza. Hakubishana nao. "Nusu ya wapiga kura nimewapokea mimi mwenyewe wakitoka tumboni. Wangeninyimaje?"

Siku ya kwanza bungeni alisimama na hakuonekana. Mfupi, na kakaa nyuma ya mtu mnene. Kesho yake akaja na kilemba chekundu kama pilipili. Akaonekana. Akauliza: ni lini Serikali itajenga daraja katika mto Itonya?

Kisha akaniigizia jibu. Alikaa sawa, akakohoa kidogo puani, akavuta maneno kwa Kiswahili cha kwetu Rungwe: "Mheshimiwa Spika, Serikali inatambua umuhimu wa daraja hilo, na upembuzi yakinifu utafanyika kadiri fedha zitakavyopatikana."

Nywele zilinisimama. Kile kikohozi cha puani nakijua. Nimekisikiliza wiki nzima kwenye spika za masikioni. Naibu waziri aliyekuwa anamjibu ni Mzee Asajile.

Sikumwambia. Niliona aibu kana kwamba mzee yule ni wa kwetu nyumbani. Na kwa kweli ni wa kwetu.


Ijumaa, 7 Juni. Iringa.

Siku mbaya. Siku kubwa pia. Sijui ipi kwanza.

Asubuhi sauti yake ilikuwa na nguvu kidogo. Kanieleza alichofanya baada ya jibu lile. Mbunge akijibiwa huruhusiwa kuuliza swali la nyongeza. Yeye kwenye nyongeza alitaja majina. Majina ya waliochukuliwa na mto. Jina la mtu, jina la ukoo, na alikuwa anafanya nini siku hiyo. Halafu akauliza swali lake upya.

Kila mkutano alirudi na swali lile lile. Akajibiwa upembuzi yakinifu. Akasimama na majina. Masika yakipita na mtu akizama, jina linaongezeka. Wenzake walimcheka mwanzoni, wakampa jina la utani, Mama Majina. Muda ukiisha anaambiwa akae, naye anakaa huku midomo bado inataja.

"Na kicheko kiliisha lini?" nikamuuliza.

"Mwaka nilipomtaja mtoto ambaye hakuwa na jina."

Akakaza kitambaa shingoni. Halafu akasema anataka kuyasema majina yote kwenye mashine yangu ya kurekodia, kwa sauti yake, ndiyo sababu alikubali nije. Maisha yake mengine nitayapata kwa watu. Haya hawezi kuachia mtu. Hajawahi kuyaandika popote, aliona kuyaandika ni kujiruhusu kusahau.

Akaanza. Yusta Kihwele, alikuwa anakwenda kujifungua. Mwalimu Kalinga, alikuwa amebeba mitihani ya darasa la saba. Semeni Mdegela, alikuwa anarudi kumzika kaka yake. Alifumba macho. Kila jina alilitaja kama anaita mtu aliye chumba cha pili na ana hakika ataitika. Nimewahi kusoma taarifa ya habari ya ajali na kuendelea na muziki. Sikuwahi kusikia majina yakitajwa namna hii.

Katikati akakohoa. Hakuacha kukohoa. Leso ilipotoka mdomoni ilikuwa na damu.

Redempta alikuja mbio, akazima mashine yangu kwa mkono wake. Baadaye jikoni akaniambia yaliyokuwa moyoni. Mama ana wajukuu. Hao ndio wanaoitaka sauti iliyobaki, wasimuliwe, waimbiwe, waitwe majina yao. Maisha yake yote mama alikuwa wa watu. Redempta akiwa mtoto, mama yuko bungeni. Likizo, mama yuko vijijini anawaambia watu alichojibiwa. "Sasa hata hizi siku chache tugawane na chuo?"

Ana haki. Nimemwambia ana haki, nikafunga begi langu.

Leo naichukia kazi hii. Na siwezi kuacha kuyasikia yale majina.


Jumamosi, 8 Juni. Iringa.

Nimeamka na uamuzi wa kurudi Mbeya. Nikachelewa kwa makusudi kunywa chai. Nikachelewa tena.

Mhudumu wa gesti akagonga, kuna mgeni. Nikatoka. Mama Veneranda amesimama kwenye kibaraza cha gesti na fimbo yake, sweta limefungwa mpaka juu, anahema. Kapanda kilima kwa miguu. Nyuma yake Redempta, kabeba chupa ya maji na uso wa mtu aliyeshindwa mjadala.

"Kikao hakiahirishwi bila hoja," Mama kasema. Kwa kunong'ona, maana sauti kamili haikuwepo.

Nikawaketisha chumba cha chai. Akaniuliza kama nimeshamrekodi Asajile Mwakisisile. Nikajikuta nakubali. Akataka kumsikia. Nilijaribu kukwepa, nikasema sauti haijasafishwa. Akaninyooshea mkono kama muuguzi anayedai thermometa. Nikamvalisha spika za masikioni, nikatafuta mahali pale. Daraja la Itonya nililijenga mimi.

Nilikuwa namtazama usoni. Nilitegemea hasira. Mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, bila mlio.

"Ni kweli," akasema. "Alilijenga."

Kisha kwa kunong'ona, akipumzika kila sentensi chache, akanipa hii habari. Aliwaalika wakubwa wengi waje waone mto. Wote walisema watakuja. Aliyekuja ni naibu waziri peke yake, masika, bila waandishi, bila msafara. Suti na viatu vya kung'aa. Aliposhuka ukingoni akauliza, watu huvukaje? Wakamwonyesha. Akasema naye atavuka.

Wanaume walikuwa shambani. Waliomfunga kamba kiunoni ni akina mama waliokuja kliniki. Maji yalifika kifuani. Katikati akateleza, akazama, akaibuka, akazama tena. Akina mama wakavuta, wengine na watoto mgongoni. Walimtoa hana kiatu hata kimoja. Alikaa kwenye kibanda cha zahanati kajifunika kanga ya mgonjwa, meno yanagongana. Alivuka kurudi kwa kamba ile ile. Akaondoka pekupeku.

Mkutano uliofuata jibu lilibadilika. Daraja likaanza. Lilipokwisha, Mama Veneranda alikuwa ameshashindwa uchaguzi. Aliyelifungua ni yeye Asajile.

"Haya hakukwambia?"

Hapana. Mzee amenisimulia siku nzima nzima mambo yake na akaruka jambo kubwa kuliko yote. Nimeduwaa. Jumatatu nilimwona mtu wa kujisifu tu. Sasa simwelewi kabisa.

"Mpigie. Mwambie miaka yote nilimsikia akisoma karatasi. Kabla sijanyamaza nataka nimsikie bila karatasi."

Nikageuka kumtazama Redempta, nikitegemea akatae. Alikuwa kaweka mkono mdomoni.

"Mama, hii hukunisimulia."

"Hukuniuliza, mwanangu. Ulikuwa umenikasirikia."

Redempta akamfunga mama yake kitambaa vizuri shingoni. Akaniambia nipige simu.


Jumapili, 9 Juni. Iringa.

Jana simu ilikuwa fupi. Nilimweleza Mzee Asajile kila kitu, ugonjwa, upasuaji, ombi. Yeye ambaye hanyamazi, alinijibu kwa sentensi moja tu. "Niambie nishukie kituo gani."

Leo kaja kwa basi. Mzee wa umri ule, magoti mabovu, kutoka Mbeya mpaka hapa. Suti ya rangi ya udongo, kofia, fimbo. Tulimpokea stendi mimi na Redempta.

Mama alikuwa anamngoja barazani, katoka kanisani. Akasimama.

"Mheshimiwa Naibu Waziri."

"Mheshimiwa Mbunge."

Wakashikana mikono. Hawakuachana mpaka Redempta alipoleta viti. Mzee akafungua mdomo na hakuufunga tena, kama kawaida yake. Safari, basi, hali ya barabara, mahindi ya Mbarali. Mama anamsikiliza huku anatabasamu. Nikagundua mzee anaongea kwa sababu anaogopa.

Alipotulia nikamuuliza. Mbona kwenye mahojiano yetu hukutaja siku uliyovuka mto?

Akaniangalia kama nimeuliza jambo la kitoto. "Daraja lilikuwa langu, nililipigania wizarani, nitalisema mpaka kesho. Kule majini hakukuwa kwangu. Kulikuwa kwa wale akina mama walioshika kamba. Nianze kujisifu kwamba nilivutwa?"

Nimeona aibu. Niliyemdhania kuwa hajijui alikuwa anajua vizuri sana kipi chake na kipi si chake.

Mama kasema kesho twende Itonya. Anataka kuyasema majina pale. Redempta amevuta pumzi, akasema ataomba ruhusa shuleni na gari la jirani. Bila kubishana. Nimempenda.


Jumatatu, 10 Juni. Itonya, halafu Iringa.

Naandika polepole. Sitaki kukosea.

Vumbi njia nzima. Redempta anaendesha, Mama mbele, mimi na Mzee nyuma. Mto ulipoonekana nikadhani si wenyewe. Kiangazi hiki ni kijito kinachopita kati ya mawe. Na daraja, nililokuwa nimelikuza kichwani, ni dogo. Zege la kawaida, vyuma vya pembeni vimepata kutu. Bodaboda ikapita na gunia la viazi. Mama mmoja akapita na kuni kichwani. Watu wanavuka hata hawaangalii chini. Nikafikiri, basi hiki ndicho alichokitaka. Watu wavuke bila kuangalia chini.

Mama akakataa kushikwa. Akatembea mpaka katikati. Mimi nikashika mashine karibu na kinywa chake, maana sauti ilikuwa uzi. Mzee alisimama upande wa pili, kavua kofia.

Akaanza. Yusta Kihwele. Mwalimu Kalinga. Semeni Mdegela. Alipita pale alipoishia Ijumaa, akaendelea. Wapo walioitwa kwa jina moja tu kwa sababu walikuwa wageni na hakuna aliyejua ukoo wao. Wapo ndugu wawili walioshikana mikono. Alitaja, akameza mate kwa maumivu, akataja.

Halafu akafungua mdomo na haikutoka. Akajaribu tena. Hewa tu. Akajipiga kifuani kwa ngumi, mara moja, kama mtu anayegonga mlango wake mwenyewe. Hewa. Macho yake yakanijia mimi, na mimi sikuwa na kitu cha kumpa. Redempta akapiga hatua mbele. Nikajua imeishia pale, kwamba waliobaki hawatatajwa tena na mtu yeyote duniani.

Nikasikia kile kikohozi cha puani.

"Leokadia Mponzi," Mzee Asajile akasema. "Alikuwa anakwenda kujifungua."

Akasubiri kidogo. Mama alikuwa amemgeukia, mdomo wazi.

"Na mtoto wa Leokadia, ambaye alizaliwa kwenye machela, na hakuwahi kupewa jina."

Akaendelea. Hana karatasi, mikono yote miwili iko kwenye fimbo. Jina, ukoo, na mtu alikuwa anafanya nini. Kwa mpangilio. Nikiangalia midomo ya Mama, ilikuwa inatembea pamoja naye bila mlio, jina kwa jina, na hakuna mahali ilipopishana na yake. Redempta alikuwa analia wazi wazi. Mimi pia, kwikwi zangu zimo kwenye rekodi na sitazifuta.

Yule mama wa kuni alikuwa amesimama mwisho wa daraja. Alitua mzigo. Mzee alipotaja Agnesta Lutego, alikuwa anapeleka maziwa, mama yule akasema kwa nguvu, "Huyo ni mama yangu."

Mzee akanyamaza. Mama Veneranda akamwonyesha kwa mkono aendelee. Akaendelea, na yule mama akaja akasimama nasi mpaka jina la mwisho.

Baadaye, tumekaa kwenye mawe, nikamuuliza alijifunza lini. Alishangaa. "Alinitajia mimi miaka yote ile. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama kumjibu. Ningesahauje?"

Nilidhani nimekuja kurekodi mtu mmoja asipotee. Kumbe kwa miaka yote hii mtu wa pili alikuwa ameyabeba majina hayo, upande wa pili wa ukumbi, na Mama hakujua.

Mama alikuwa amekaa, kavua viatu, miguu majini. Akanivuta mkono wenye mashine. Niliiwasha. Alikusanya pumzi kwa muda mrefu. Akamtazama yule mzee, akasema maneno ambayo kila mbunge humalizia nayo.

"Naunga mkono hoja."

Ilisikika. Kwa shida, lakini ilisikika. Mzee akageuza uso akaangalia mlimani.


Jumanne, 11 Juni. Njiani.

Wamenipa nafasi kwenye gari linalompeleka Mama hospitali Mbeya. Mzee tuko naye, tutamshusha kwake.

Jana jioni nilimwachia Redempta mashine nikaenda gesti. Wajukuu walikuwa wamekuja wote. Leo asubuhi kanirudishia, macho mekundu, amani usoni. Kuna faili jipya ndani. Nimelihamishia kwenye simu yake, nikalifuta kwangu bila kulifungua. La chuo nimeshalipata.


Alhamisi, 13 Juni. Mbeya.

Upasuaji leo. Benchi la hospitali, mimi, Redempta, Mzee Asajile. Daktari kasema uvimbe umetoka wote. Anapumua kupitia tundu la shingoni. Yuko macho.

Redempta akauliza, sauti? Daktari akatikisa kichwa. Tulijua. Hata hivyo iliuma.


Jumanne, 18 Juni. Mbeya.

Dokta Sospeter kasikiliza rekodi ya darajani ofisini kwake. Nilimwacha peke yake. Nilipoingia alikuwa kavua miwani, kalaza kichwa mezani. Hakuniuliza swali hata moja la kitaalamu.

Nimefungua upya mahojiano ya Mzee. Nasikiliza tangu mwanzo. Ni sauti ile ile, mimi, mimi, mimi. Safari hii sina haraka.


Jumatano, 3 Julai. Mbeya.

Mama Veneranda yuko mtaa wa Soweto, hapa hapa mjini, kwa mtoto wa dada yake mpaka amalize kliniki. Ni karibu na kwangu, napita nikitoka kazini.

Leo nimemkuta uani, kwenye jua, ungo wa njegere mapajani. Kanisogezea kigoda. Hatuna namna ya kuongea zaidi ya mikono, na mikono ilikuwa na kazi. Tukamenya.

Mzee Asajile akaja na mkungu mdogo wa ndizi. "Ndaga, ndaga, mmeamkaje," akasalimia kwa kilugha chetu hata kabla hajafika getini, salamu za asubuhi jioni yote hii. Akaanza na habari za meya, akaingia kwenye bei ya mbolea, akarudi kwa meya. Mama akanyoosha mkono juu, kiganja wazi. Mzee akakatika katikati ya neno.

"Mheshimiwa ameomba nafasi," akasema kwa adabu.

Mama akamwonyesha ungo.

Mzee akatafuta kigoda, akakaa kwa tabu, akaweka kofia gotini. Tukamenya watatu. Jua lilikuwa tamu mgongoni. Zilipokwisha, Mama akaingia ndani, akarudi na nyingine.